Mstari Nisiouandika

Kazi yangu ya kwanza ya ukarani niliianza nikiwa na miaka tisa, juu ya kigoda, jikoni kwetu Minembwe, milimani mashariki mwa Kongo. Mshahara ulikuwa kikombe cha maziwa ya mgando. Mama hakujua kuandika. Baba alijua, maana alikuwa mwalimu, lakini mama hakupenda mumewe ajue kwamba chumvi inakaribia kuisha. Basi nilikaa mimi na karatasi iliyochanwa katikati ya daftari, nikaandika anachotaja: chumvi, sabuni, ndagala, mawese chupa moja, uzi mweusi, sindano mbili. Karatasi ikakunjwa mara nne, ikawa ndogo kama kibiriti.

Aliyeichukua alikuwa mchuuzi aliyepanda kutoka Baraka na mzigo wa chumvi na ndagala, akateremka na maharage na jibini yetu, ile inayojulikana hadi Uvira na Bukavu. Minembwe iko juu ya mita 2,000, na Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Haja za mama zilishuka mlima mzima kwa miguu, siku mbili, zikiwa zimechomekwa ndani ya kofia ya mtu asiyejua kusoma. Kule chini alimkabidhi mwenye duka. Mwenye duka akasoma, akapima, akafunga, wala hakujua huyo aliyeishiwa sindano ni nani na anakaa kilima gani.

Halafu kulikuwa na kitu cha mwisho. Nikishaandika yote, mama alichukua karatasi, akamsindikiza mchuuzi hadi kwenye ua, akamwinamia kidogo na kusema neno moja au mawili. Mimi nilibaki mlangoni na kalamu yangu, nimekasirika. Mchuuzi aliporudi, vitu vyangu nilivyoviandika vilitolewa mezani kimoja kimoja. Kile cha mwisho kilikuja kimefungwa kwenye kitambaa chake, kikapitiliza chumbani.

(Msiniulize mimi ni wa kabila gani. Swali hilo kwetu limekula watu wa kutosha. Mchuuzi alikuwa wa ziwani, sisi tulikuwa wa juu, na chumvi ilifika.)

Majirani wakaanza kunijia. Nikawa karani wa kilima. Nikajua nani amepungukiwa sabuni, nani anajifanya tajiri lakini anaagiza mafuta ya taa ya kikombe. Siku moja mke wa jirani, aliyeolewa hajamaliza mwaka, akaniandikisha kitambaa laini cheupe, mita mbili. Nikamwambia rafiki yangu kisimani. Kufikia jioni mama mkwe wa yule binti alikuwa amepongezwa na watu wanne kwa ujauzito ambao mkaza mwanawe hajamwambia bado. Baba hakunipiga. Alininyang'anya kalamu kwa majuma mawili na kusema, "Mkono ulioandika usigeuke mdomo." Kwa mtoto aliyezoea kuitwa karani, afadhali angenipiga.

Ilinichukua miaka mingi kuona ufundi uliokuwa katika mpango ule wa mama. Karani alijua vitu lakini hakujua cha mwisho. Mchuuzi alijua cha mwisho lakini hakuweza kusoma vingine. Mwenye duka alijua vyote bila kujua ni vya nani. Haja ya mtu mmoja ilikatwa vipande, na hapakuwa na mtu hata mmoja, ila mwenyewe, aliyeishika nzima.

Ndiyo maana nimekuja kuamini kwamba simu haikutuletea tabia mpya ya kuomba. Imechukua vile vipande na kuviunganisha, mbele ya watu.

Chukua fakture ya mahari. Mkongo yeyote anajua ninachosema: ile orodha ambayo ukoo wa binti unamkabidhi mposaji. Mbuzi kadhaa, au ng'ombe kwa wafugaji wa juu; suti ya baba, vikwembe vya mama, gunia la chumvi, mapanga, na taa ya Coleman hata kama nyumba ina umeme wa jua. Watu wa nje hucheka urefu wake. Hawajui kwamba fakture huandikwa ndefu ili ipunguzwe. Inatiwa katika bahasha, inapelekwa na mjumbe, watu wanajifungia chumbani, na huko suti inakuwa shati, mbuzi sita wanakuwa watatu, kila upande unatoka na heshima yake.

Katika ukoo wetu, mdogo wake bwana harusi mmoja aliipiga picha fakture na kuitupa kwenye kikundi cha vijana, kwa mzaha tu. Iliporudi Baraka ilikuwa imepita Uvira, Bujumbura na Kigoma, ikiwa na maneno ya kejeli juu yake. Kuanzia hapo baba wa binti hakuweza kushuka. Angeshusha vipi, na hesabu ya kwanza imesomwa na watu asiowajua? Kupunguza kungekuwa kukiri kwamba alizidisha. Harusi ilichelewa miezi minane kwa sababu ya picha moja. Bei haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba kile chumba cha kupunguzia hakikuwa na mlango tena.

Lakini kwa hilo niliwacheka wenzangu. La kwangu lilikuja mwaka 2019.

Dada yangu alivuka ziwa wakati wa vita vya 1996, akaingia kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma. Watu wengi wa Fizi, eneo letu, walipita njia hiyo, na wengine hawajatoka hadi leo. Binti yake alikulia huko, akapelekwa Marekani pamoja na mumewe kwa mpango wa wakimbizi. Mji sitautaja, mkisoma mbele mtaelewa kwa nini nimekuwa hivi. Alipopata ujauzito wa kwanza, wenzake kazini walimwambia kwamba huko mtu haulizwi "tukuletee nini" kila siku. Unatengeneza orodha kwenye duka la mtandaoni, watu wanaifungua, kila mmoja analipia kitu kimoja, na kikishalipiwa kinajifuta ili wawili wasilete beseni moja. Akatengeneza. Akatuma kiungo kwenye kikundi cha ukoo: "Ndugu zangu, hii ndiyo listi ya kado za mtoto."

Wakati huo nilikuwa nimeshateremka kukaa Baraka. Nilinunua megabaiti, nikasubiri picha zifunguke moja moja. Kigari cha mtoto, dola 280. Kitanda. Nepi. Mto wa mama mjamzito. Pampu ya kukamulia maziwa, pedi za mzazi, krimu ya chuchu. Juu kabisa lilikuwepo jina lake lote pamoja na la mumewe, mji wao, na tarehe anayotarajia kujifungua. Nikajaa fahari. Yule mtoto wa Nyarugusu, aliyekunywa uji kwa foleni! Nikakisukuma kile kiungo kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa letu, nikaongeza maneno: "Tumuombee binti yetu."

Waliomba kweli, kwa siku moja. Siku ya pili wakaanza hesabu. Wakilinganisha kigari na bei ya ndama, kila mtu alipata jibu lake. Tukitoka mazoezi ya kwaya, mama mmoja alisoma krimu ile kwa sauti barabarani, na vijana wa pikipiki wakasikia. Mama yangu, ambaye alikuwa ameshateremka kutoka juu na kukaa kwangu, hakusema mbele ya watu. Usiku aliniita. "Mtoto hajazaliwa, na dunia nzima imeshahesabu mwezi wake?"

Lililoniuma zaidi lilikuwa jingine, na sikulitegemea. Ujumbe ulianza kumfikia binti yule kutoka kwa ndugu wa ndugu: kama una kigari cha dola 280, hukosi 50 za karo. Mwingine aliomba kitanda kikishazeeka atumiwe. Walisoma orodha ya vitu asivyo navyo kana kwamba ni risiti ya vitu alivyonunua. Siwalaumu. Kwetu mtu akiandika kitu na bei yake na kuweka picha juu, kitu hicho anacho na anakiuza.

Alinipigia simu, kwake ilikuwa usiku wa manane, ametoka zamu kwenye kiwanda cha nyama. "Mama mdogo, mimi naomba. Siyo kwamba ninavyo." Nikasema najua, mwanangu. Akauliza, "Sasa uliwatumia ili iwe nini?" Nilitafuta jibu. Nilikuwa na jibu la fahari tu, nalo halisemeki kwa mtu anayelala kwa saa nne tu.

Juma lile alinifundisha, na alikuwa akijifunza yeye mwenyewe, kwa sababu mwenzake wa kazini ndiye aliyebonyeza vitufe vyote. Maduka ya aina hiyo, Amazon likiwemo, ambalo orodha zake za matamanio zilianza mwaka 1999, huwa na milango mitatu. Wa kwanza ni hadharani: mtu akikutafuta kwa jina anaweza kukuta orodha yako, hata kama hukumpa kitu. Wa pili ni wa wenye kiungo: haitafutiki, ila yeyote aliyeshika kiungo anaingia, na kiungo hakiulizi umekipata kwa nani. Wa tatu ni wako peke yako. Yake ilikuwa hadharani. Hakuichagua hivyo; aliikuta hivyo, na hakuna aliyemwambia kuna kuchagua.

Kuna pia jambo la anwani. Kwa kawaida mnunuzi haonyeshwi mtaa na namba ya nyumba, anaona jina na mji. Lakini kifurushi lazima kibebwe na mtu. Kama bidhaa inauzwa na mfanyabiashara mwingine aliyepanga kibanda ndani ya duka hilo kubwa, na ndiye anayefunga mzigo, anwani inaweza kumfikia. Binti akaweka anwani ya kanisa lao. Akafuta tarehe. Akabakiza herufi za kwanza tu za majina. Kisha akafanya jambo lililonifanya nicheke peke yangu jikoni: alitengeneza orodha mbili. Moja ya nepi, blanketi na kitanda, ya ndugu wote. Nyingine yenye yale ya mwili wake, ambayo kiungo chake walipewa mama yake na rafiki mmoja. Mimi sikupewa.

Niliposoma baadaye historia ya mambo haya, niliona kwamba hata Wamarekani hawakuanza na mlango wazi. Duka la Marshall Field's la Chicago, linalotajwa kuwa la kwanza kuandikisha orodha za maharusi, mwaka 1924, liliweka majina kwake. Ilibidi uvae viatu, uende dukani, umtaje bibi harusi kwa jina mbele ya muuzaji. Uso wako ndio ulikuwa ufunguo.

Mtu angedhani niliishia hapo nikawa mwerevu. Hapana.

Tangu 2017 vijiji vya juu vimekuwa vikiungua, vya watu wa kila lugha, na wenyewe wakasukumwa kuzunguka Minembwe au kuteremka ziwani. Mwaka 2021 waliteremka Baraka wengine kutoka Bibokoboko na vijiji vya jirani. Walikaa kwenye nyumba za watu, madarasani, chini ya maturubai. Walioko Marekani, Kanada na Australia wakauliza wanahitaji nini. Na nani karani? Nilikaa siku tatu na daftari. Niliandika kwa ufundi wote wa utoto wangu: jina la mkubwa wa nyumba, mahali alikolala, idadi ya watoto na umri wao, namba za viatu, sufuria, bidoni, blanketi, na namba ya simu ya kupokelea pesa. Nyumba 31. Nikapiga picha kurasa zote na kuzituma kwenye kikundi cha watu zaidi ya mia mbili. Niliziona nzuri, mistari imenyooka.

Pesa zilianza kuja, na hilo lisisahaulike. Watoto walivaa viatu vinavyowatosha, jambo ambalo msaada wa malori hauwezi.

Siku ya sita mjane mmoja alipigiwa simu. Mtu mwenye sauti ya upole akamwita kwa jina, akamwambia mzigo wake kutoka ng'ambo umefika Uvira, una blanketi mbili na viatu vya mtoto wa mwisho, namba 29. Atume franka 30,000 za usafiri. Yule mama alikopa kwa aliyempokea, akatuma. Alipokuja kuniuliza mzigo utafika lini, nilimwambia pole mama, huo ni wizi. Akanitazama kwa kunihurumia mimi. "Mwizi angejuaje mguu wa mwanangu?"

Sikuwa na pa kuegemea. Mguu ule niliupima mimi, kwa kamba, nikauandika.

Usiku mwingine wanaume wawili walibisha kwenye nyumba iliyokuwa kwenye ukurasa wa pili, wakauliza dola za Amerika ziko wapi. Mwenye nyumba alipiga kelele, majirani wakatoka, hao wakaondoka. Nilikimbilia kikundini kufuta. WhatsApp humruhusu mtu kuwafutia wote alichotuma, lakini kwa muda tu, na muda ulikuwa umeshapita. Ni kweli kwamba tangu 2019 ujumbe hausukumwi kwa mazungumzo zaidi ya matano kwa mara moja, na tangu 2020 ule uliozunguka sana unasukumwa kwa moja moja. Lakini picha ikishahifadhiwa kwenye simu ya mtu, huyo anaianzisha upya kana kwamba ni yake. Na katika watu mia mbili, hata wakiwa ndugu wote, kuna simu mia mbili zinazoachwa mezani, zinazouzwa, zinazochezewa na watoto. Simshuku mtu wa kikundi. Sina haja ya kumshuku.

Franka 30,000 nilizilipa mimi, kwa mafungu.

Sasa nina madaftari mawili. La kwanza lina majina, liko ndani ya nyumba, na nyumba ngapi zimo sisemi. La pili ndilo linalopigwa picha. Humo utakuta "Nyumba ya 7, viatu namba 32, sufuria moja", basi. Hakuna kitongoji wala simu. Pesa hupita kwa mkono mmoja wa mama tunayemwamini wote, anazitoa kwenye kabine ya pesa za simu, anagawa, na mpokeaji anamshukuru mtoaji kwa sauti yake mwenyewe, bila kujitaja.

Mpango huu umenigombanisha na watu wema. Kanisa moja la ng'ambo lilitaka picha: mama ameshika blanketi, uso unaonekana, jina chini. Wanasema pesa za watu lazima zitolewe hesabu, na wana haki. Tumeona walaji wa misaada, wengine tumesali nao. Nikawapelekea picha za mikono imeshika blanketi. Mzee wa kanisa lile akaniandikia kwamba mikono haimshawishi mtoaji. Nikamuuliza kama yeye, siku alipopokelewa huko na masanduku ya nguo za mitumba, alipigwa picha akiyapokea. Alikaa kimya siku mbili, kisha akasema alipigwa, na picha ile bado iko ukutani kwenye ofisi ya wafadhili wake, na kila akiingia anakaa kiti kinachoipa mgongo. Mikono ikakubaliwa.

Mpwa wangu anayesomea sheria aliniambia kwamba Kongo ina sheria ya mambo ya dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na kwamba inagusa hata habari binafsi za mtu. Nilifurahi. Nikamuuliza nani atamfikishia mjane wa Bibokoboko habari hiyo, akasema hilo halimo kwenye mtihani.

Mwaka 2024 binti yule wa Marekani alipata msafiri anayekuja Bujumbura, akauliza bibi yake anataka nini. Mama alikaa kwenye kiti chake uani, mimi kigodani na simu, kama zamani. Sasa nilikuwa naandika kwa kidole. Shali la baridi. Miwani ya kusomea, ingawa hasomi. Anataka kuona uzi unapoingia sindanoni. Dawa ya kuchua magoti. Viatu laini, namba 38. Nikamuuliza kama yameisha.

"Nipe hiyo simu."

Nikamwonyesha pa kubonyeza ili sauti irekodi. Aliinuka taratibu, akatembea hadi kwenye ua, akanipa mgongo, akasema neno moja au mawili. Akarudi, akanikabidhi simu, akanitazama mpaka nikaifunga. Sauti ile ilikuwepo pale, kwenye simu yangu mwenyewe, alama ndogo ya mshale na sekunde nne.

Mzigo ulifika baada ya juma la tatu, umepitia Uvira. Shali, miwani, dawa na viatu tulivitoa mezani kimoja kimoja, watoto wakapiga makofi. Chini kabisa palikuwa na kifurushi kilichofungwa kwenye kitambaa. Mama alikichukua, akapitiliza nacho chumbani, na mimi nikaenda kuchemsha chai.